Shajara ya bastola ya .22: kutoka dukani hadi yadi 25

Januari, kabla ya kununua

Lengo ni dogo na linaeleweka: kiangazi hiki niende Camp Perry, nisimame mstarini na wenzangu, nipige mashindano ya bastola ya .22 (namba hiyo ni upana wa risasi kwa inchi) nimalize bila kujiaibisha. Camp Perry iko kando ya Ziwa Erie, karibu na Port Clinton, humu humu Ohio ninamoishi, na mashindano ya kitaifa ya shabaha yamekuwa yakifanyika pale tangu 1907. Kutoka Columbus ni mwendo wa saa mbili na ushee kwa gari.

Nimeamua kuandika kwa Kiswahili kwa sababu kila nikimwambia ndugu kwamba nanunua bastola, swali la kwanza ni "Unamwogopa nani?" Mama, akiwa Tanga, aliuliza mara mbili kisha akanyamaza kama mtu anayepiga hesabu ya nauli ya kunirudisha nyumbani. Simwogopi mtu. Nataka kutoboa karatasi katikati.

Kwa nini .22? Kwanza mfuko. Risasi ya kawaida ya .22 Long Rifle ni senti 8 hadi 12. Ya 9mm ni mara mbili au tatu ya hapo. Anayelipa kodi ya nyumba na kutuma hela nyumbani kila mwezi hawezi kujifanya haoni tofauti hiyo. Pili, haimrushi mtu mkono, kwa hiyo shabaha ikienda upande huna cha kusingizia. Risasi yenyewe ni ya zamani, ilitoka mwaka 1887 katika kiwanda cha J. Stevens huko Massachusetts, na hadi leo hakuna risasi nyingine inayofundishia watu wengi kiasi hicho.

Bastola tatu ziko mezani: Browning Buck Mark, Smith & Wesson SW22 Victory, na Ruger Mark IV Target. Zote nimezishika za watu. Sijaona mbovu kati yao. Mark IV inanivuta kwa sababu mbili: inafunguka kirahisi ukitaka kuisafisha, na vipuri vyake vimejaa kila mahali.

Februari, dukani

Hapa niandike kwa kirefu kidogo, maana wengi wetu tunaoishi huku tunaulizana mambo haya pembeni na kujibiwa kwa uvumi.

Ohio haihitaji kibali cha jimbo kununua bastola. Sheria inayobana ni ya shirikisho. Unajaza Fomu 4473 palepale kaunta, uwe na miaka 21 au zaidi kama ni bastola unayonunua kwa muuzaji mwenye leseni, na muuzaji anauliza jina lako kwenye mfumo wa FBI wa kukagua rekodi za wanunuzi, ambao umekuwa ukifanya kazi tangu 1998. Mwenye ukazi wa kudumu, yaani grini kadi, anaruhusiwa. Unaandika namba yako ya uhamiaji kwenye fomu. Aliyeingia kwa viza ya masomo au ya matembezi kwa kawaida haruhusiwi, isipokuwa kwa masharti maalumu, kama kuwa na leseni halali ya uwindaji. Na kuna swali linalowanasa wengi: bangi. Ohio imeihalalisha kwa watu wazima tangu 2023, lakini fomu ni ya shirikisho, na kwa shirikisho mtumiaji wa bangi haruhusiwi, na fomu yenyewe imeandika onyo hilo waziwazi. Ukijibu uongo, hilo peke yake ni kosa la jinai.

Jingine, na hili lisiwe na mzaha: usikubali "kumchukulia" bastola binamu ambaye karatasi zake hazijakamilika. Fomu inauliza kama wewe ndiye mnunuzi halisi. Watu wamefungwa kwa hilo.

Majibu yangu hayakuja papo hapo. Yaliandikwa "subiri", ambayo si kukataliwa, nikaambiwa nirudi. Nikarudi, nikalipa, haikufika dola 700 pamoja na kodi. Niliichukua Mark IV ya chuma cha pua, mtutu mnene wa inchi 5.5, magazini mbili za risasi kumi kumi ndani ya boksi. Kijisanduku cha chuma chenye kufuli nilikuwa nimekinunua kabla, kwa sababu nyumbani kuna watoto na jambo hilo halingojei.

Februari, mezani

Uzito unaushtukia. Ya chuma cha pua inakaribia kilo 1.2, na sehemu kubwa iko mbele, kwenye mtutu. Kwa mtu anayetaka bastola ya kubeba hiyo ni balaa. Kwa shabaha ndicho kitu hasa ninachokitaka, kwa sababu ncha nzito haichezichezi.

Umbo lake ni lilelile la mwaka 1949, William Ruger na Alexander Sturm walipofungua kiwanda chao kidogo Southport, Connecticut, na kuuza bastola ya kwanza kwa dola 37.50. Sturm alifariki 1951, na tai mwekundu aliyekuwa nembo kwenye mshikio akageuzwa mweusi kwa miaka mingi. Ruger aliiga mengine kutoka bastola za Kijapani za Nambu, na mtu akiitazama haraka huona Luger ya Wajerumani. Mimi naona bomba la maji lililotiwa mshikio, na nasema hivyo kwa upendo.

Lakini bomba hilo ndilo siri ya usahihi wake. Kwenye bastola nyingi za 9mm, sehemu yote ya juu hurudi nyuma kila risasi inapotoka, pamoja na vilengeo vilivyo juu yake. Kwenye hii mtutu umeshikamana na bomba moja kwa moja, na kinachotembea ni bolti, kile chuma cha ndani kinachoifunga risasi kwa nyuma. Kilengeo cha mbele na cha nyuma havitikisiki mahali pake. Kwa hiyo uhusiano wa vilengeo na mtutu leo ni uleule wa jana.

Mark I hadi Mark III zilijulikana kwa kutesa watu kwenye kuzikusanya tena. Kulikuwa na kijiti cha nyundo ambacho kisipokaa pembe yake bastola hairudi, na mafundi wengi wamepokea Ruger ndani ya mfuko wa plastiki, vipande vipande, mwenyewe akitazama chini. Mark IV, iliyotoka 2016, ina kitufe kimoja nyuma. Unahakikisha haina risasi, unatoa magazini, unavuta bolti ili nyundo ijiweke, unaweka sefti (kile kizuizi cha kufyatua), unabonyeza kitufe. Bomba linainuka, linatoka mkononi, na bolti inateleza nje. Nilifanya hivyo nikiwa na chai pembeni, sikuhitaji hata bisibisi. Tahadhari moja: ndani ya bolti kuna kipini kidogo kinachoizuia pini ya kugonga isifike kwenye ukingo wa chemba, yaani tundu la mtutu inamokaa risasi. Ukiivua bolti yote na kusahau kukirudisha, ukipiga kavu, yaani ukifyatua bila risasi, utauharibu ukingo huo.

Kwa wanaonunua ya mkono wa pili: Juni 2017 kiwanda kilitangaza kuzirudisha Mark IV zilizotengenezwa kabla ya tarehe 1 mwezi huo, zile ambazo namba zake zinaanza na 401 au WBR. Shida ilikuwa sefti ikiachwa katikati. Ukivuta triga hapo inaweza isilie, halafu ikalia unapoisogeza sefti kwenda upande wa kupiga. Marekebisho yalikuwa ya bure. Angalia namba kabla ya kutoa hela.

Mkono wangu ni mdogo. Kidole kinaifikia triga vizuri, ila mbao za mshikio ni nyembamba na laini kwa ladha yangu. Nimeuzungusha mpira wa baiskeli kwa sasa. Magazini ina kitufe cha pembeni unachokivuta chini kwa dole gumba huku ukidondosha risasi. Kinarahisisha, ila baada ya boksi moja dole linakumbuka. Kwa bahati nzuri mashindano ya aina hii hupakia tano tu kwa magazini.

Machi, uwanjani kwa mara ya kwanza

Uwanja ni wa ndani, wenye njia za kupigia na karatasi inayokwenda kwa waya. Anayesimamia mstari Jumamosi asubuhi ni mzee wa Mombasa, aliyefanya kazi melini miaka mingi kabla ya kutua huku. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akaitazama bastola kwenye sanduku bila kuigusa.

"Binti yangu, kibendera kiko wapi?"

Kibendera ni kile kiplastiki cha rangi kali kinachochomekwa chembani ili mtu aone toka mbali kwamba haina risasi. Mark III ilikuwa na alama ya ubavuni ya kuonyesha chembani kuna risasi. Mark IV haina. Kibendera kilikuwamo. Akaridhika.

Kanuni zake mbili hazina mjadala: kidole nje ya triga mpaka vilengeo viko kwenye karatasi, na hakuna anayegusa bunduki watu wakiwa mbele. Miwani na vizuia sauti vya masikioni ni kabla ya kuingia mlangoni. Watu huidharau .22 kwa sauti, hasa ndani ya jengo, ilhali bastola ya .22 inapita desibeli 140, na masikio yakienda hayarudi.

Nilianza yadi 10 nikiwa nimeegemeza mikono kwenye mfuko wa mchanga. Hapo nilitaka kuijua bastola tu, mkono wangu ungengoja. Matundu yote yalikuja chini kushoto, yamebanana. Kilengeo cha nyuma kina skrubu mbili, ya juu-chini na ya kulia-kushoto, na unakipeleka upande ule unaotaka matundu yaende. Tik, tik, tik, mzee akinitazama nyuma. Baada ya hapo tulienda yadi 25, kama mita 23, kwa karatasi ya B-8: duara jeusi la sentimita 14, na ndani yake duara la pointi kumi, la sentimita 8.5.

Ikiwa kwenye mfuko wa mchanga, bastola hii inakaa ndani ya kumi bila jasho. Niliiandika hii kwa herufi kubwa kwenye daftari, kwa sababu toka hapo lawama zote zina mwenyewe.

Machi, risasi

Ukweli ambao anayetoka kwenye 9mm haujui: mtutu wa .22 una ulaji wake. Risasi hizi hazina kitufe cha kuwashia katikati ya kitako. Baruti ya kuwashia imetandazwa ndani ya ukingo wa ganda, pini inagonga ukingo, basi. Ukingo ambao baruti haikufika vizuri haulii. Ganda likishatumika ni la kutupwa, huwezi kulijaza tena nyumbani. Kwa hiyo uko mikononi mwa kiwanda kabisa, na kazi yako ni kupata kiwanda ambacho mtutu wako unakikubali.

Nilijaribu aina nne. CCI Standard Velocity, uzito wa kichwa grani 40, futi 1,070 kwa sekunde, yaani chini ya kasi ya sauti. CCI Mini-Mag, ambayo iko juu ya kasi hiyo, futi 1,235. SK Standard Plus ya Ujerumani, ghali zaidi. Na ndoo ya zile za bei ya chini zinazouzwa kwa mamia, ambazo jina lake nitalihifadhi.

Matokeo kwenye mfuko wa mchanga, yadi 25: SK ilifanya kundi dogo la matundu kuliko zote, lingefunikwa na sarafu kubwa. CCI ya polepole ilifuata kwa karibu mno, na kwa bei yake sioni sababu ya kubishana. Mini-Mag ilikuwa nzuri lakini pana zaidi, jambo ambalo wapigaji wa shabaha husema mara kwa mara: kasi kubwa haihitajiki kutoboa karatasi. Ya ndoo ilitawanyika, na kila baada ya muda inakataa kulia.

Isipolia, hauifungui. Unabaki umeelekeza mtutu mbele, unahesabu hadi thelathini, kwa sababu kuna risasi inayochelewa kuwaka. Kisha unaitoa. Ukilikagua ganda utaona alama ya pini ukingoni. Ukilizungusha na kulirudisha, mara nyingine linawaka upande wa pili. Kinachoogopesha zaidi ni ile inayotoa "pufu" dhaifu. Hapo unasimama, unatoa magazini, unafungua bomba na kuchungulia mtutu, maana kichwa cha risasi kinaweza kuwa kimekwama humo.

Na mikono. Vichwa vya .22 vingi ni madini ya risasi (lead) matupu, vimepakwa nta. Vidole vinatoka vyeusi. Maji baridi na sabuni kabla ya kugusa andazi.

Aprili, triga

Kazi yote ya mradi huu imehamia hapa.

Triga ya Mark IV kama ilivyotoka boksini inavunjika safi, ila ni nzito kwa shabaha. Kwa kipimo cha mzee inasoma karibu pauni 5. Kanuni za mashindano kwa .22 zinakuruhusu kushuka hadi pauni 2. Kuna kampuni ya Volquartsen kule Carroll, Iowa, inayouza seti za vipuri vya ndani kwa ajili ya hii, na karibu kila mtu mstarini amezitia. Mzee anasema nisitie bado.

"Ukilainisha sasa, utafyatua kabla hujajua unafyatua. Jifunze nayo nzito kwanza, binti yangu, halafu nyepesi itakuwa zawadi."

Sikuwa na hakika kama ni hekima au ubahili wa baharia. Lakini ile ndoo ya risasi mbovu ilimwunga mkono. Risasi isipolia, mkono unaonekana uchi: nilivuta triga, hakukuwa na mlio, na kilengeo cha mbele kikazama chini kushoto kama nimekisukuma. Mwili ulikuwa umejiandaa na mlio ambao haukuja. Ndiyo maana kundi langu la mkono mtupu linaelekea chini kushoto wakati lile la mfuko wa mchanga liko katikati.

Toka hapo ninafanya hivi kwa makusudi. Zile plagi za plastiki za njano za kutundikia vitu ukutani, zile nyembamba, zinaingia chembani kama risasi za .22, bei yake ni senti. Mwenzangu ananipakia magazini, anachanganya risasi na plagi bila kunionyesha. Kila inapofika plagi, vilengeo vinaniambia ukweli. Siku za mwanzo kilengeo kilizama waziwazi. Sasa kinatikisika kidogo, na mara nyingine hakitikisiki kabisa.

Nyumbani ni kupiga kavu tu, ukutani hakuna kitu na risasi ziko chumba kingine. Usumbufu mmoja: bastola hii haitaki kufyatua magazini isipokuwamo, na magazini tupu ikiwemo, bolti hubaki nyuma kila ukiivuta, inabidi uishushe kwa dole gumba. Wengine hukiondoa kipande kinachoizuia. Mimi nimekiacha.

Mei, mkono mmoja

Mchezo huu kwa desturi hupigwa kwa mkono mmoja, mwingine mfukoni. Risasi kumi za polepole kwa dakika kumi, halafu tano tano kwa sekunde 20, halafu tano tano kwa sekunde 10. Ukisikia sekunde 10 unadhani ni haraka ya kutisha. Si haraka. Ni sekunde mbili kwa kila risasi, na .22 inarudi mahali pake yenyewe.

Kilo 1.2 mwishoni mwa mkono ulionyooshwa ni kitu kingine. Naona mviringo mdogo ambao kilengeo kinauchora juu ya karatasi, na somo la mwezi mzima limekuwa kuukubali mviringo huo na kuendelea kukaza triga polepole badala ya kuinyakua pale kilengeo kinapopita katikati. Unyakuzi ndio unaotupa sita. Mviringo wenyewe, ukiuacha, unatupa tisa na kumi.

Mzee amenibadilisha pia ninapotazama. Jicho liwe kwenye kilengeo cha mbele, makali yake yaonekane, karatasi iwe ukungu. Nilibisha, kwa sababu kila silika inasema utazame unachokilenga. Akaniambia niangalie matundu, nisimwangalie yeye. Matundu yamekubaliana naye.

Mkononi nimebadilisha kitu kimoja: mpira wa baiskeli umetoka, nimeweka mbao za mshikio zilizo nene upande wa kiganja. Bastola sasa inakaa palepale kila ninapoiinua, na hilo limenisaidia kuliko vipuri vyovyote ningevinunua. Juu ya bomba kuna matundu ya skrubu ya kufungia kilengeo cha nukta nyekundu, na mashindano mengi yanaruhusu. Nimeazimwa kimoja, kinaonyesha kila tetemeko la mkono, hata yale ambayo bora usingeyajua. Kwa sasa nabaki na vilengeo vya chuma.

Hali ilivyo mwishoni mwa Mei: polepole niko vizuri, sekunde 20 napita, sekunde 10 bado risasi ya kwanza inachelewa na zile mbili za mwisho zinakimbizana. Triga bado ya kiwandani. Boksi za CCI nilizofanyia mazoezi zote ni za kundi moja la kiwandani, lina namba yake ubavuni, na kundi likibadilika matundu nayo huhama kidogo. Dukani zimebaki katoni mbili za namba ileile. Nimelipia zote, nazifuata Jumatano nikitoka zamu.